Faili Linalotoka Kasapa

Mwezi wa Oktoba 2021, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Johannesburg alitetea tasnifu yake ya masta ya sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa bila kukanyaga Johannesburg. Siku zile za korona mambo mengi yalifanyika kwa video, naye alikaa mbele ya kompyuta shambani kwake Kashamata, si mbali na Lubumbashi, akajibu maswali. Alikuwa na miaka 50. Kazi yake kabla ya kurudi darasani ilikuwa urais: ni Joseph Kabila, aliyeongoza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia Januari 2001 hadi Januari 2019. Tasnifu yenyewe ilihusu Afrika na wakubwa watatu, Marekani, Uchina na Urusi.

Wasikilizaji, yupo anayempenda mtu huyo na yupo asiyetaka kulisikia jina lake, na kipindi hiki hakikuja kuamua kesi hiyo. Kinachovuta hapa ni kitu kidogo zaidi. Mtu aliyekaa miaka 18 kwenye kiti kikubwa kuliko vyote nchini ilimbidi ajiandikishe, apewe msimamizi, aandike sura moja baada ya nyingine, kisha aulizwe maswali na walimu wa nchi nyingine. Tena kabla ya yote hayo kulikuwa na faili. Kila masta huanza na faili.

Leo tulifungue faili hilo linapotoka kwa kijana wa Lubumbashi asiye na shamba wala walinzi, ambaye umeme ukikatika anamaliza kujaza fomu kwa mwanga wa simu, akiombea chaji isiishe kabla ya kufika kwenye kitufe cha mwisho.

Kijana huyo hupata mtihani wake wa kwanza nyumbani. Akisema Katuba, au Kenya (Kenya ni komini ya Lubumbashi, wasikilizaji wa Mombasa wasishtuke), kwamba anataka kuendelea na masomo ya siasa, jibu huja kwa mfano wa swali. Mama anauliza: "Sasa utakuwa depite?", yaani mbunge. Mjomba aliyezeekea kampuni ya migodi ya Gécamines anauliza kwa nini asisomee madini kama watoto wa wenzake. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo mtu mwenye kofia ya mgodini haulizwi anafanya kazi gani. Mtu wa siasa huulizwa kila siku.

Hata hivyo, ukitafuta mji wa Kongo ambao sayansi ya siasa imeweka mizizi, utarudi hapahapa. Chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, vikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na masomo yakagawanywa: sayansi za jamii na siasa zikapelekwa Lubumbashi. Miezi michache kabla ya hapo wanafunzi wa Kinshasa walikuwa wameandamana, na adhabu yao ilikuwa kuvishwa magwanda ya jeshi. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba siasa ilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,500 ili isipige kelele karibu na ikulu. Ikiwa hiyo ndiyo ilikuwa nia, basi serikali iliwapa wataalamu wa siasa mahali pazuri kuliko pote pa kufanyia kazi.

Tazama tu. Mmarekani Crawford Young, aliyekwisha kuandika mwaka 1965 kitabu kikubwa juu ya siasa ya Kongo, alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii Lubumbashi kuanzia 1973 hadi 1975. Alikuwa hapo tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni sasa ni za Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Mtaalamu wa dola hakuhitaji kusafiri kwenda kutafuta mada. Aliweza kuvuka barabara akaangalia rafu za duka zikikauka. Mwaka 1985 yeye na Thomas Turner walitoa kitabu juu ya kupanda na kuporomoka kwa dola ya Zaire, ambacho hadi leo kinasomwa na kila anayetaka kuielewa nchi hiyo. Katika kitivo jirani cha fasihi alikuwapo Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefariki mwaka 2025 baada ya maisha marefu ya ualimu Marekani. Mjerumani Johannes Fabian naye alifundisha antropolojia hapo, 1972 hadi 1974, na jina lake litarudi kabla kipindi hiki hakijaisha.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 ulikuja upande mwingine wa historia hiyo. Wauaji waliingia kwenye mabweni ya chuo na kuwashambulia wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: serikali ilikubali mmoja tu, wengine walitaja makumi. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake, na kwa miaka mingi chuo kilibaki kama nyumba iliyokatiwa maji. Mwanafunzi wa siasa anayepita leo barabara ya Kasapa, kilipo chuo hicho, anapita juu ya mada ya masta, ajue asijue.

Sasa turudi kwenye faili.

Linajikwaa kwanza kwenye neno moja: lisanse. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma gradua kwa miaka 3, G1, G2 na G3, akamaliza na kazi iitwayo TFC. Kisha alisoma lisanse kwa miaka 2, L1 na L2, akaandika memuari. Jumla ni miaka 5, ikiwa hakurudia mwaka wala mgomo haukumchelewesha. Mwenye lisanse aliitwa lisansye na watu walimpisha njia. Masta ilikuwa kitu cha ng'ambo. Aliyebaki nchini na kutaka kuendelea alitafuta DEA, mlango wa kuingilia doktora, na mlango huo ulikuwa mwembamba. Baadaye ikaja sheria ya elimu ya Februari 2014 iliyoutambua mfumo wa LMD, yaani lisanse, masta, doktora, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ikaagiza vyuo vyote viufuate. Sasa lisanse ni miaka 3 na krediti 180. Masta ni miaka 2 na krediti 120.

Ona kilichotokea ndani ya nyumba moja. Yaya, yaani mkubwa wao, alipata lisanse yake mwaka 2015 baada ya miaka 5. Mdogo wake, aliyeingia chuoni na kundi la kwanza la LMD, alitarajiwa kupata ya kwake mwaka 2024 baada ya miaka 3. Neno ni lilelile, na ukutani fremu zinafanana. Mtu wa Brussels au Dar es Salaam anayepitia mafaili 200 kwa wiki moja hataulizia habari za ndani ya nyumba hiyo. Ataona "licence" na kuhesabu miaka 3 kwa wote wawili, na yaya atakuwa ameporwa miaka 2 bila mwizi kuonekana.

Dawa yake haina uchawi. Yaya apeleke karatasi za pointi za miaka yote mitano, kuanzia G1, hata kama fomu inaomba za "shahada ya mwisho" tu, na aweke aya moja, fupi na kavu, inayoeleza kwamba lisanse ya zamani ya Kongo ilikuja juu ya gradua na ilikuwa na memuari. Asilalamike. Aeleze kama anavyomwelekeza mgeni njia ya kutoka stesheni kwenda Kamalondo. Majina ya shahada yamewachanganya wengi wasiokuwa Wakongo. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na M.A. mkononi, na wengi wanaoisoma herufi hizo leo hudhani ilikuwa shahada ya pili ya chuo hicho. Kwa desturi ya vyuo vya kale vya Scotland, M.A. ndiyo shahada ya kwanza.

Mdogo mtu ana mtego mwingine. Akitaka kufuata njia ya Johannesburg, atakuta kwamba Afrika Kusini baada ya shahada ya miaka 3 wana mwaka mmoja uitwao honazi, na masta huja baada ya huo. Shahada za nje hupimwa na mamlaka yao ya sifa, SAQA, na matokeo ya kipimo hicho yanaweza kumrudisha darasani kwa mwaka mmoja kabla ya masta yenyewe. Asione kwamba ametukanwa. Ahesabu mwaka huo na gharama yake mapema, kwa sababu wengi hugundua habari hii wakiwa wameshaaga ukoo mzima na kula kuku wa safari.

Halafu kuna pointi. Kwa Wakongo, distinksyo huanzia 70 kwa mia, na maprofesa wanaitoa kama watu wanaotoa damu yao. Mwenye 66 amepita kwa heshima na anapongezwa. Peleka 66 hiyo Marekani bila maelezo, msomaji atadhani mwenye nayo alikuwa anasinzia darasani. Uingereza, namba hiyohiyo ingemweka kwenye daraja la pili la juu, ambalo masta nyingi za huko huliomba. Namba haijabadilika, aliyebadilika ni msomaji. Kama kitivo kinaweza kuandika karatasi inayosema mwanafunzi alikuwa wa ngapi kati ya wangapi, mstari huo mmoja unaisaidia 66 kuliko barua nzima ya kujisifu.

Barua ya pendekezo nayo ni hadithi ya peke yake. Auditwari ya mwaka wa kwanza inajaa mamia ya vijana, wengine madirishani. Profesa anafundisha hapa, kesho yuko chuo kingine, keshokutwa yuko Kinshasa. Anamjua nani? Aliyesoma TFC ya mwanafunzi mstari kwa mstari mara nyingi ni asistenti, au shefu wa kazi, mtu mwenye madaftari mengi na jina dogo. Kijana anakimbilia saini ya profesa mkubwa, na anachopata ni mistari minne: ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mwenye bidii, anayefaa. Barua kama hiyo ingeweza kuandikwa kwa ajili ya mlinzi wa geti. Heri mwombaji amwendee profesa na kurasa zake mkononi, memuari, mukhtasari wa ukurasa mmoja na jina la asistenti aliyezisoma, ili barua iseme kitu kimoja cha kweli: kwamba kijana huyu alikwenda Ruashi kuhoji watu 40 na akarudi na jambo ambalo profesa mwenyewe hakulijua.

Hapo tumefika kwenye ukurasa unaoua mafaili mengi kuliko pointi, ukurasa wa mradi wa utafiti.

Fungua memuari kumi katika maktaba yoyote ya kitivo cha siasa, Kongo au popote Afrika ya Kifaransa, utakuta vichwa vilivyoshonwa kwa sindano moja: utawala bora na maendeleo endelevu katika DRC, changamoto na matarajio. Demokrasia na usalama katika Maziwa Makuu, changamoto na matarajio. Vikubwa kama mbuyu, na ndani mna uwazi kama wa mbuyu. Msomaji wa ng'ambo anavifahamu vichwa hivyo, vinamjia kutoka Cotonou, kutoka Yaoundé, kutoka Bujumbura, na havimwambii kwa nini huyu wa Lubumbashi ndiye wa kuandika habari hii. Mwandishi wake anadhani kwamba kadiri kichwa kinavyokuwa kipana ndivyo anavyoonekana msomi. Wapimaji huona kinyume chake.

Na hapo ndipo inapouma, kwa sababu huyo kijana amezaliwa juu ya maswali. Mfano mmoja. Sheria mpya ya madini ya Machi 2018 iliupanga upya mrabaha ambao kampuni za migodi zinalipa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au eneo la kichifu ambalo mgodi uko ndani yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shikilia hiyo 15. Ina maana kwamba eneo la kichifu lililokuwa na ofisi moja na kalamu mbili linaweza kupokea ghafla fedha ambazo babu zake chifu hawakuwahi kuziota. Nani anatia saini? Baraza linaona vitabu vya hesabu, au linaona ukuta wa shule tu? Mgodi ukiwa umelala juu ya mpaka wa maeneo mawili, mpaka unasogea kwenda wapi? Kijana anayeandika "utawala bora" amelizunguka swali hilo kama mtu anayezunguka shimo. Anayeandika "asilimia 15 ya mrabaha katika eneo moja la kichifu la Haut-Katanga, miaka mitano baada ya sheria ya 2018" ameingia ndani na tochi.

Anaweza hata kulinganisha, na ulinganishaji ndio ugali wa sayansi ya siasa. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mama mmoja, watoto wanne, na urithi haukugawiwa sawa, kwani sehemu kubwa ya migodi mikubwa iliangukia Lualaba, upande wa Kolwezi, na kiasi Haut-Katanga. Katiba ni ileile, sheria ya madini ni ileile, ahadi ni ileile ya kifungu cha 175 kwamba majimbo yatabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, ahadi ambayo magavana wameidai kwa muda mrefu. Tofauti ikitokea kati ya ndugu hawa, imetoka wapi? Wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi tajiri hutafuta mwaka mzima kisa kilichojipanga vizuri hivyo.

Kuna pia wale ambao shaba iliwatema. Kati ya 2003 na 2004, katika mpango uliosukumwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Neno hiari peke yake linatosha kujaza sura mbili. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshaandika mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na kituo cha chuo kinachochunguza mabadiliko ya mji kimechapisha kazi kuhusu jinsi kaya za Lubumbashi zinavyoishi, zinavyokula, zinavyosomesha watoto. Mafaili mengi yanamtaja Max Weber katika mstari wa tatu na Montesquieu katika wa tano. Dibwe hayumo. Mpimaji anayeijua Kongo huona pengo hilo mara moja, na humhuzunisha kuliko kosa la sarufi.

Hilo linaleta suala la lugha. Faili linaandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza kilichosomwa miezi sita Lusaka. Wakati huohuo siasa yenyewe ya mji, ya soko la Kenya na ya kikao cha familia, inazungumzwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Lubumbashi chenye "njo vile" na "ulisomaka" yake, ambacho watu wa Zanzibar hukisikia wakatabasamu. Kiswahili hicho kililetwa na kulelewa na kazi, kampuni ya migodi ya Union Minière ilipokuwa ikikusanya watu wa lugha mbalimbali kutoka kila upande. Mwombaji mara nyingi hukiandika kwenye fomu chini kabisa, baada ya Kiingereza "cha wastani", kama mtu anayemficha jamaa maskini nyuma ya mlango.

Johannes Fabian alifanya kinyume. Alijifunza Kiswahili hicho, akarekodi watu, na kwa miaka mingi baadaye akala kutokana na kanda zile. Moja ya kazi zake, iliyotoka mwaka 1990, ni uchapishaji wa maandishi ya ajabu: historia ya mji wa Élisabethville, iliyokamilishwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya wazee waliokuwa maboi, watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Wameiandika kwa Kiswahili chao, kwa tahajia yao, kuanzia enzi za mfalme Leopold na kampuni mpaka uhuru. Wanaeleza nani alikuwa na nguvu, aliipata vipi, aliitumiaje jikoni na mgodini. Ukiondoa neno lenyewe, hiyo ni sayansi ya siasa, na iliandikwa na watu ambao hakuna kitivo kilichowahi kuwaomba karatasi za pointi. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Kijana wa Kasapa anayeweza kuisoma bila tafsiri, na kumhoji mjukuu wa boi kwa lugha ileile, ana kitu ambacho mshindani wake wa Paris angekilipia. Kiandikwe juu, mstari wa kwanza wa sehemu ya lugha, na aya ya mbinu za utafiti iseme wazi kwamba mahojiano yatafanywa kwa Kiswahili bila mkalimani.

Faili liende wapi? Hapa mambo ni ya kalenda na mfuko. Lubumbashi kwenyewe, masta za LMD ndizo zimeanza kujipanga, na kwa asiye na njia ya kuondoka ni mahali pa heshima, mradi achague msimamizi kabla ya kuchagua kichwa. Dar es Salaam ina idara kongwe ya siasa, katika chuo ambako Walter Rodney na Mahmood Mamdani walifundisha, na ambako Mkongo Ernest Wamba dia Wamba alifundisha historia kabla ya kuingia vitani mwaka 1998. Shahada ya nje hupitia kwanza tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, TCU, nayo ina muda wake. Ubelgiji ya Kifaransa hutoa misaada ya masomo kupitia ARES, na wengi waliotoka Lubumbashi wamepita mlango huo. Uingereza ina Chevening, ambayo hulipia masta ya mwaka mmoja na huwa wazi kwa Wakongo, lakini inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada, karibu miaka 2. Kwa mtu wa siasa saa hizo zinaweza kuwa za kusimamia uchaguzi, za shirika la haki za binadamu, za ofisi ya komini. Dirisha lake hufunguliwa kwa kawaida Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, na anayeanza kujiandaa mwezi Septemba amebakiwa na muda mfupi.

Wakati majibu hayajaja, na huchukua miezi, utafiti hauna haja ya kungoja. Kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani Kasumbalesa, malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni ndefu kuelekea Zambia, na kutoka hapo Durban au Dar es Salaam, ambako mzigo unapakiwa melini, mwingi ukienda Uchina. Ile mada ya Kashamata, Afrika na wakubwa wa dunia, inapita hapo kwa magurudumu, ikiwa na karatasi za forodha, mihuri, na noti zinazobadilisha mikono. Kati ya madereva wapo Watanzania wengi. Wanakijua kila kizuizi cha barabara, nani ana kibali cha kukiweka na nani hana, na bei ya kila kimoja. Mwanafunzi akisogea na daftari, akamwamkia mzee aliyekaa kivulini kwa tela, ataitikiwa kwa Kiswahili cha Mbeya au cha Tanga, na watacheka kidogo kila mmoja akishangaa ya mwenzake. Kisha ataulizwa kama amekuja kuuza vocha. Akisema amekuja kuuliza maswali tu, atasogezewa ndoo akae. Foleni haijasogea tangu jana.